Maisha ya Askofu Chauncy Maples, Mtumishi wa Masasi na Newala

Mwaka wa jubilei ni mwaka wa kuhesabu neema, wala hakuna awezaye kuhesabu neema bila kuwataja watu ambao Mungu aliwatumia kuzileta. Majina mengine twayasikia siku zote. Askofu Steere twamjua kwa sababu ya vitabu vyake, na Askofu Lucas kwa sababu ndiye aliyewekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926. Bali jina la Chauncy Maples wengi walilijua kuwa ni jina la meli ya Ziwa Nyasa tu. Hawakuambiwa ya kuwa, kabla ya watu wa Ziwa kumpata, watu wa Masasi na Newala walikuwa naye kwanza. Ya kuwa nguvu za ujana wake alizimaliza katika nchi hii yetu. Na ya kuwa kazi yake hapa ilichomwa moto katika siku zake mwenyewe. Kwa hiyo twaona ni haki kuandika habari zake katika kitabu hiki, ili walimu wazisome na kuwasomea watu wao.

Chauncy Maples alizaliwa tarehe 17 Februari 1852 mahali paitwapo Bound's Green, upande wa kaskazini wa mji wa London. Baba yake alikuwa mwanasheria, na nyumba yao haikukosa kitu. Akasoma katika shule ya Charterhouse, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Oxford. Katika chuo hicho alipata rafiki, jina lake William Percival Johnson, ambaye alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wa kuingia kazi ya serikali katika Bara Hindi. Vijana hawa wawili walikuwa na njia nyeupe mbele yao. Kama wangaliifuata, wangalipata mshahara mwema na heshima ya watu, na uzee wa raha.

Lakini siku zile habari za nchi zetu zilikuwa zikisikiwa sana Uingereza. Mwaka 1857 Daktari Livingstone alikuwa amewaita watu wa vyuo vikuu wasiiache Afrika, na kwa wito ule ikaanzishwa Misioni iliyoitwa ya Vyuo Vikuu. Safari yao ya kwanza, iliyofika mto Shire mwaka 1861, haikufaulu. Askofu Mackenzie alikufa kwa homa mwaka uliofuata, na mwaka 1864 waliobaki walihamia Unguja. Huko walipewa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wakawafundisha. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mahali pale pale Dk. Steere akaanza kujenga kanisa kuu. Alipofanywa Askofu mwaka 1874, Steere aliwaendea wanafunzi wa Oxford kuwaambia ya kuwa watenda kazi ni haba. Maples akasikia, Johnson naye akasikia. Wengine walisikia maneno yale yale wakarudi kwenye masomo yao. Hawa wawili mwaka 1876 walipanda meli wakaja.

Sasa na tueleze jinsi Masasi ilivyoanza, maana bila hilo kazi ya Maples haifahamiki. Wale waliokombolewa Unguja hawakuwa watu wa pwani. Wengi walikuwa Wayao, na Wamakua, na Wanyasa, walionyakuliwa utotoni wakapelekwa pwani shingo zao zimefungwa. Askofu Steere alifikiri moyoni ya kuwa si vema wakae daima katika mashamba ya Unguja kama wageni. Afadhali warudi barani karibu na nchi walikozaliwa, wakae huko kuwa kijiji cha Wakristo. Basi mwaka 1876 alitoka nao Unguja kwa chombo mpaka Lindi, wanaume kwa wanawake, watu zaidi ya hamsini. Kutoka Lindi wakafuata njia kwa miguu. Nia yake ilikuwa kuendelea mbali zaidi kuelekea Ziwa Nyasa. Lakini mwezi wa Novemba walipofika Masasi, wakaona majabali makubwa yaliyosimama kama ngome, na maji, na udongo mwema, watu wakachoka kutamani kwingine. Pale pakawa kwao.

Twawaomba wasomaji wasiyapite maneno haya upesi. Mara nyingi husemwa ya kuwa Injili ililetwa Masasi na Wazungu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Iliingia pia kwa miguu ya wale waliokuwa watumwa. Walirudi kwa njia ile ile waliyopelekwa, safari hii bila minyororo, wakaimba nyimbo walizofundishwa Unguja. Majina ya wengi wao hayakuandikwa katika vitabu vya dunia. Ndio waliokuwa wajenzi wa kwanza na wapishi wa kwanza, na wengine wao walimu wa kwanza wa nchi hii.

Padre Johnson alitangulia kukaa nao, na Maples, baada ya kufanya kazi kwanza Unguja, alimfuata Masasi mwaka 1877. Alikuwa kijana wa miaka 25. Humo ndimo aliposhika kazi yake kubwa ya kwanza, na kwa miaka mitano kijiji kilikua. Mashamba yalilimwa, watoto wakasoma, kengele ikalia asubuhi na jioni. Watu wa jirani, Wamakua na Wayao, walikuja kutazama jambo hili jipya, na wengine walikaa kusikiliza.

Maples alijua jambo moja ambalo wageni wengi hawakulijua. Kiswahili kilikuwa lugha ya kanisa na ya shule, bali mwanamke aliyekuwa shambani kwake hakukijua, wala mzee aliyekuwa katika baraza yake. Kwa hiyo aliketi na Wamakua, akauliza neno baada ya neno, na mwaka 1879 kitabu chake cha lugha ya Kimakua kilipigwa chapa. Baadaye, mwaka 1888, alitoa kitabu cha maneno ya Kiyao pia. Mtu aliyesoma Kigiriki na Kilatini huko Oxford hakuona haya kuwa mwanafunzi wa watu wasiojua kusoma. Sisi walimu tuliozaliwa hapa, ambao pengine twaona fahari kusema maneno magumu mbele ya watu wetu mpaka wasinzie, twaweza kujifunza kwake.

Tena alikuwa mtembezi hodari. Alizunguka vijiji vya bonde la Ruvuma, na mwaka 1881 alivuka mto akapita katika nchi ya Wamakua upande wa kusini, mwendo wa mamia ya maili, mpaka akafika Msumbiji. Habari za safari zake zilisomwa na wataalamu wa London, wakapata kujua mito na milima ya nchi hizi. Lakini yeye hakutembea kwa kutafuta sifa ya wasafiri. Alitaka kujua watu wanakaa wapi, ili walimu wapelekwe.

Hata hivyo haifai kuandika maisha ya mtu kana kwamba hapakuwa na kosa. Kijiji cha Masasi kilikuwa na tatizo ndani yake. Kwa kuwa waliokombolewa hawakuwa na sultani wao, padre alikuwa mchungaji wao na tena hakimu wao. Aliyewapa Komunyo Jumapili ndiye aliyewakatia mashauri Jumatatu. Mambo hayo mawili hayakai vema katika mkono mmoja. Watu walizoea kutegemea misioni kwa nguo na chakula na ulinzi, kama watoto wanavyomtegemea baba, na majirani waliiona misioni kuwa sultani mpya mwenye mali. Baadaye Misioni yenyewe iliona hatari hiyo ikaiacha njia ile, ikawatuma walimu kukaa katika vijiji vya watu chini ya masultani wao. Lakini kabla halijatengenezwa jambo hilo, yalikuja mambo mengine.

Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa msiba. Mwisho wa Agosti Askofu Steere alifariki Unguja, na Kanisa likabaki bila baba. Siku chache baadaye, katika mwezi wa Septemba, Wangoni walishuka Masasi. Wazee wetu waliwaita Magwangwara, na jina hilo likitajwa mama alimziba mtoto mdomo asilie. Walikuja na ngao na mikuki, jeshi kubwa, nao walikuwa wamesikia ya kuwa kuna kijiji chenye nguo na mali. Nyumba zilichomwa moto. Watu wengine waliuawa, na wengine walichukuliwa mateka.

Fikirini hao mateka ni nani. Walikuwa watu waliokwisha kufanywa watumwa mara moja. Walikombolewa, wakafundishwa, wakabatizwa, wakaambiwa ya kuwa sasa ni huru, wakaletwa barani kwa nia njema. Na sasa kamba iliwarudia. Twaweza kukisia jinsi moyo wa mchungaji wao ulivyoumia. Nia iliyowaleta Masasi ilikuwa nzuri, na nia nzuri ile ndiyo iliyowaweka katika njia ya mikuki. Mtu angeweza kusema ya kuwa kazi yote ilikuwa kosa tangu mwanzo, na kurudi kwao Ulaya.

Hawakurudi. Padre Porter, mwenzake Maples, alisafiri mpaka nchi ya Wangoni kwenyewe kuwatafuta waliotekwa. Mtu asiye na jeshi aliingia katika mji wa wenye jeshi, kwa sababu kondoo wake walikuwa humo. Maples naye aliwakusanya waliotawanyika, na makao ya kazi yakahamishwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwa Matola, sultani wa Wayao.

Hapo ndipo maisha yake yalipokaribia nyumbani kwetu. Anayeijua Newala ajua ya kuwa ukisimama ukingoni mwa uwanda waona bonde la Ruvuma limetandazwa chini kama mkeka, na ng'ambo ya mto nchi ya Msumbiji. Mahali pale adui huonekana kwa mbali. Lakini usalama wa uwanda ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ni maji. Siku zile wanawake waliteremka mtelemko mkali mpaka visimani bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani, na ndoo moja ya maji ilikuwa kazi ya nusu siku. Watu waliokuwa wamezoea maji ya Masasi walianza upya katika nchi kavu ya vichaka, mbegu hawana, nyumba hawana.

Matola aliwapokea vema. Alikuwa mtu mwenye akili na utu, rafiki wa kweli wa Misioni. Alipenda kusikia mafundisho na kuuliza, ila mlango wa ubatizo ulimwia mwembamba siku nyingi kwa sababu ya wake zake wengi. Maples hakumlazimisha, wala hakumpunguzia sharti ili apate jina kubwa katika daftari ya Wakristo. Walikaa pamoja kwa heshima, kila mmoja akijua mahali mwenzake aliposimama. Katika baraza ya Matola Maples hakuwa hakimu tena, alikuwa mgeni. Twaona ya kuwa hapo Kanisa la nchi hii lilijifunza somo ambalo Masasi ya kwanza haikulifundisha, kwamba yatosha padre kuwa padre.

Maples alifanya kazi Newala mpaka mwaka 1886. Mwaka huo Askofu Smythies alimpeleka kwenye Ziwa Nyasa, amfanye Archdikoni wa sehemu zile. Padre Johnson alikuwa amekwisha kufika huko kwa taabu nyingi, hata macho yake yalikaribia kupofuka. Mwenziwe, Padre Charles Janson, alikufa mwaka 1882 alipofika tu ukingoni mwa Ziwa, na meli ndogo ya Misioni ilipewa jina lake.

Na hapa pana jambo ambalo sisi wa Kitangari hatupaswi kulisahau. Mwaka ule ule wa 1886, Maples alipoondoka kwenda Ziwani, mtu mwingine alikuja kukaa Chitangali, ndiyo Kitangari yetu. Jina lake Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Unguja na baadaye Canterbury huko Uingereza, na mwaka ule alifanywa shemasi. Mwaka 1890 aliwekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika Misioni yetu kupata daraja hiyo. Alikaa hapa miaka mingi, akafundisha katika vijiji vya watu, wala si katika boma la wageni, na mavuno yake yalikuwa makubwa. Basi aliyedhani ya kuwa moto wa mwaka 1882 ulimaliza kazi, na atazame hapa. Wazo la Steere na jasho la Maples, kwamba waliokombolewa warudi kuwa nuru kwa ndugu zao, halikuungua pamoja na nyumba za Masasi. Lilizaa katika bonde letu, mkononi mwa mtu mweusi aliyekombolewa. Maples alipanda, akaondoka bila kuvuna.

Huko Ziwani Maples alikaa katika kisiwa cha Likoma, kisiwa kidogo chenye mawe na mibuyu, ambako watu wengi walikimbilia kwa kuwaogopa Wangoni wale wale waliochoma Masasi. Alikuta watu katika hofu ya uchawi. Aliyeshitakiwa alinyweshwa mwavi, na kulikuwa na mahali pa kuwachomea moto walioitwa wachawi. Kwa miaka tisa alifundisha na kusomesha na kupatanisha, na Johnson akazunguka katika meli kandokando ya Ziwa. Mambo ya ukatili yakapungua kidogo kidogo. Baada ya kufa kwake, mwaka 1903, msingi wa kanisa kuu la Likoma uliwekwa mahali pale pale wachawi walipochomwa, kama vile kanisa kuu la Unguja lilivyosimama juu ya soko la watumwa.

Mwaka 1892 nchi za Ziwa zilipewa askofu wao, Hornby, lakini afya yake ilimshinda akajiuzulu mwaka 1894. Wote wakamtazama Maples. Basi aliitwa Uingereza, na tarehe 29 Juni 1895, sikukuu ya Mtakatifu Petro, aliwekwa kuwa Askofu wa Likoma katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Hakukaa Ulaya kupumzika. Alikuwa na shauku kubwa ya kuwarudia watu wake, nao walikuwa wakimngojea kwa furaha.

Mwezi wa Agosti, kabla hajafika, Padre George Atlay aliuawa na Wangoni karibu na Ziwa. Alikuwa na bunduki, nayo ilikutwa haikupigwa. Aliona afadhali kufa kuliko kuwaua watu aliokuja kuwafundisha.

Askofu Maples alifika kusini mwa Ziwa, akapanda mashua iitwayo Sheriff pamoja na Joseph Williams, mtenda kazi wa Misioni, na mabaharia Waafrika. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1895, walipokuwa wakielekea Kota Kota, tufani iliwapiga, na mashua ikajaa maji na kuzama. Williams alikufa maji. Mabaharia walimshika Askofu wakajaribu kuogelea naye, lakini kanzu yake ndefu ilikuwa nzito kwa maji, na nchi kavu ilikuwa mbali. Alipoona ya kuwa kumwokoa yeye kutawaua wao, aliwaamuru wamwache wajiponye nafsi zao. Wakamwacha kwa uchungu, wakapona. Yeye akazama. Baada ya siku kadha maiti yake iliokotwa, akazikwa Kota Kota. Umri wake ulikuwa miaka 43, na tangu kuwekwa kwake kuwa Askofu hata siku 70 hazikutimia. Kiti chake cha Likoma hakukikalia.

Mwaka 1901 meli kubwa ya Misioni iliingizwa majini katika Ziwa lile. Ilitengenezwa Glasgow, ikaletwa kwa vipande zaidi ya 3,000, vingine vikibebwa na wapagazi. Ndani yake mlikuwa na shule na matibabu. Ikaitwa Chauncy Maples, nayo ilitumika kwa miaka mingi sana. Rafiki yake Johnson aliendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 1928, akiwa mzee sana na karibu kipofu.

Ndugu walimu, kwa nini tumeyaandika haya? Kwa sababu twawajua wengi wanaohuzunika. Mwalimu hufundisha wasikizi miaka mitatu, na siku ya kubatizwa wengine hawaonekani. Sisi wenyewe tuliwahi kujenga kanisa dogo la miti na udongo, na mvua ya mwaka mmoja ikauangusha ukuta wote. Tulisimama tukautazama, tukasema moyoni ya kuwa tumejichosha bure. Siku ile hatukuwa tumesoma vizuri maisha ya Maples. Masasi yake iliungua. Newala aliiacha. Likoma hakuifikia. Ukihesabu kwa hesabu ya sokoni, mtu huyu alipata hasara mara tatu. Lakini tazama leo: toka Masasi mpaka Newala, na toka Kitangari mpaka Ruvuma, na visiwani na kandokando ya Ziwa lote, kengele zinalia.

Tena kumbukeni jinsi alivyokufa. Mabaharia wake walikuwa Waafrika, naye alikuwa Askofu na Mzungu, katika siku ambazo wengi walidhani maisha ya Mzungu mmoja ni bora kuliko ya watu weusi kumi. Yeye aliona ya kuwa maisha yao yalikuwa na thamani kama yake. Mahubiri yake ya miaka 19 katika Afrika aliyatia muhuri usiku ule katika maji, bila mimbari.

Basi katika jubilei hii tumshukuru Mungu kwa ajili ya Chauncy Maples, na kwa ajili ya wale waliorudi barani pamoja naye, waliouawa Masasi na waliotekwa, ambao majina yao hatuyajui. Na sisi tuliobaki tulime sehemu yetu, hata kama atakayevuna ni mwingine.